Kicheko cha Ziwani, Kalamu ya Nairobi

Mjaluo aliyewachekesha Wakenya wengi zaidi kwenye runinga hakuwa Mjaluo. Mzee Ojwang' Hatari wa Vitimbi, kipindi kilichovuma KBC tangu enzi ambazo hukuwa na stesheni nyingine ya kuhamia, aliitwa Benson Wanjau, na alikuwa Mkikuyu. Mama Kayai, mkewe wa kwenye kioo, ni Mary Khavere, jina ambalo mtu wa Vihiga hahitaji kuelezwa lilikotoka. Hao wawili ndio walioingia sebuleni mwa Wakenya wakiwa wazee wa Kijaluo, na huku kando ya Ziwa Victoria si ajabu ukimsikia mtu mzima akiapa kwamba boma la Ojwang' analijua, liko Seme, ukishapita soko.

Wanjau alifariki Julai 12, 2015, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Stesheni zilifukua kanda za zamani, wanasiasa wakatuma rambirambi. Sikumbuki kusikia hata mtu mmoja akitaja nani alikuwa akiviandika vipindi vile. Waigizaji wa kizazi kile walikuwa nusu waandishi, wakitia maneno yao kadiri tukio lilivyowachukua, kwa hiyo labda swali lenyewe halikuwa na jibu fupi. Lakini hata baada ya skripti kuwa kazi ya mtu maalumu, mwenye mkataba na tarehe ya kuwasilisha, mambo hayajabadilika sana. Mtazamaji wa Kondele atakutajia wachekeshaji kumi bila kuvuta pumzi. Mwambie akutajie mwandishi mmoja wa vichekesho, naye atakuuliza kwani huwa vinaandikwa?

Kwetu sisi wa Kisumu jambo hili lina uzito wake, kwa sababu kicheko cha runinga ya Kenya kimekula sana kwenye sahani yetu. Baada ya Ojwang' alikuja Otoyo wa Churchill Show, kijana wa Kijaluo aliyeigizwa na Kazungu Matano, na jina hilo ni la Pwani waziwazi. Kabla yao na baada yao wamepita wengine wengi, jukwaani na redioni, waliogundua kwamba ukisema "sida" badala ya "shida" na "samba" badala ya "shamba" ukumbi unacheka kabla hujafika kwenye kichekesho chenyewe. Ni njia ya mkato. Kasoro yake ni kwamba kicheko cha lafudhi huisha baada ya dakika tano, na mwandishi bado ana dakika kumi na nane za kujaza.

Siwalaumu Wanjau na Matano kwa kuvaa lafudhi isiyo yao. Uigizaji ni hivyo. Wanjau hasa alifanya jambo ambalo waigaji wake wengi walishindwa: alimpa Ojwang' cheo cha kulinda. Ukitazama kanda zile leo unaona mzee anayejiona mkubwa wa boma, mwenye maoni kuhusu kila jambo, na kila anapofungua mdomo heshima yake inavuja kidogo. Mke anaona. Wageni wanaona. Yeye peke yake haoni, au anaona na kujifanya haoni. Mweke mzee huyo Murang'a au Kakamega, bado atachekesha. Lafudhi ilikuwa koti tu. Chini yake palikuwa na mtu.

Mtu huyo hapatikani kwa bahati. Kuna anayekaa mezani na kumtengeneza, na kazi hiyo ina ufundi wake.

Hesabu ya ufundi huo ni nyepesi kuieleza. Ukurasa mmoja wa skripti huchukuliwa kuwa dakika moja ya kioo. Kipindi cha nusu saa, ukishaondoa matangazo, kinabaki na dakika 22 au 24. Msimu wa kawaida una sehemu 13, kwa kuwa wiki 13 ni robo ya mwaka, na ratiba za stesheni hukatwa kwa robo. Kwa hiyo anayekubali msimu mmoja amekubali kuandika karibu kurasa 300, na kila ukurasa unatakiwa kuchekesha angalau mara mbili. Riwaya nyingi za Kiswahili hazifiki kurasa hizo, na hakuna anayemwambia mtunzi wa riwaya kwamba ukurasa wa 140 haujamchekesha mdhamini.

Ndiyo maana waandishi wazoefu hawaanzi na vichekesho. Wanaanza na injini: hali moja ambayo ukiiacha peke yake inazaa matatizo kila wiki. Mfano bora tulio nao uko mlangoni petu. Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020 baada ya kuugua Covid-19, alizikwa nyumbani kwao Kaunti ya Busia, kaunti ambayo mpaka wake wa chini unaoga ziwani pale Port Victoria. Kipindi chake cha Papa Shirandula, kilichorushwa na Citizen TV, kilisimama juu ya sentensi moja: mlinzi wa lango anamficha mkewe kazi anayofanya. Asubuhi anatoka nyumbani na suti kama mtu wa ofisi, kazini anabadilisha na kuvaa sare.

Tazama sentensi hiyo inavyofanya kazi. Mgeni yeyote anayefika mjini kutoka kijijini ni hatari. Simu yoyote inayolia ni hatari. Mkubwa wa kazi akisema tu "kesho nitapita kwako" umeshapata nusu saa nzima. Mwandishi hahitaji kumfanya Papa aanguke kwenye matope, ingawa akianguka ni sawa. Tena uongo wenyewe kila Mkenya anauelewa, maana nani hana ndugu Nairobi ambaye kazi yake haieleweki vizuri? Kutokana na injini hiyo wakazaliwa Wilbroda, Njoro, Awinja na wengine ambao leo wana majina yao wenyewe. Mmoja wao, Felix Odiwuor, tuliyemjua kama Jalang'o, mwaka 2022 alichaguliwa kuwa mbunge wa Lang'ata. Mwigizaji alifika Bungeni. Mwandishi hajafika hata kwenye kumbukumbu ya mtazamaji.

Sasa tushuke ziwani, kwa sababu nashikilia kwamba huku kuna shule ya ucheshi ambayo runinga haijaisoma.

Chukua pakruok. Katika dansi ya benga au ohangla, mtu aliyeshiba raha husogea mbele, hutoa pesa, na wanamuziki husimamisha wimbo ili ajisifu. Ana muda mfupi, sentensi chache tu. Anajipa jina, anamsifu rafiki au mpenzi, anatupa dongo kwa hasimu aliyekaa meza ya pili, kisha ngoma inarudi. Masharti yake ni makali kuliko ya mtayarishaji yeyote wa Nairobi. Umelipa, kwa hiyo ukichosha umejiaibisha kwa pesa zako. Wasikilizaji wamekunywa, hawana subira. Na aliyekutangulia amechekesha. Mtu akitoka salama hapo anajua tayari kwamba chumvi ya kujisifu lazima ipite kipimo hadi iwe wazi kwamba ni mchezo, na kwamba neno lenye mwiba hukaa mwisho, dakika ile gitaa linapoingia tena. Wanaofundisha uandishi wa vichekesho Marekani hutoza ada kubwa kufundisha hilo la pili.

Au chukua mafumbo ya D. O. Misiani wa Shirati Jazz. Alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania, akaishi na kuvuma upande wa Kenya, na zaidi ya mara moja nyimbo zake zilimtia matatani na serikali. Alipotaka kuwasema wakubwa alisimulia habari za wanyama. Polisi wangemshtaki vipi mtu aliyeimba kuhusu wanyama? Wangelazimika kwanza kusema mahakamani ni mkubwa gani anayefanana na mnyama gani. Misiani alifariki Mei 2006 katika ajali ya barabarani hapa Kisumu. Kwa mtu wa skripti, somo lake ni kwamba mzaha mzuri humpa mlengwa mambo mawili tu ya kuchagua, kunyamaza au kujitaja.

Hata siasa za huku zilifundisha. Marehemu Raila Odinga, aliyetutoka Oktoba 2025, alikuwa na mtindo unaojulikana na kila aliyewahi kusimama juani kwenye mkutano wake. Alitega kitendawili, umati ukaitikia, akanyamaza kidogo kupita kiasi, ndipo akatoa jibu. Wakati mwingine aligeuka mtangazaji wa mpira, akautangaza uchaguzi mzima kama mechi, majina ya wapinzani yakipokonywa mpira moja baada ya jingine. Unaweza kuwa ulimpenda au hukumpenda. Lakini kile kimya chake kabla ya jibu kingefaa kupimwa kwa saa na kila mwanafunzi wa vichekesho.

Basi malighafi ipo. Kwa nini kalamu zinaishia Nairobi?

Njia ya kawaida huanzia shuleni. Tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo lina zaidi ya miaka sitini, na msimu wake, kuanzia muhula wa kwanza hadi fainali za Aprili, ndio soko la kwanza la mwandishi wa Nyanza. Shule zinazotaka kombe hutafuta watunzi na wakufunzi kutoka nje, na kijana mwenye kalamu kali anaweza kupata malipo yake ya kwanza maishani kwa kuandika masimulizi ya dakika chache yatakayotamkwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwaka 2013 tuliona nguvu ya masimulizi hayo. Mwanafunzi wa Upper Hill, Daniel Owira, alisimama na Otonglo Time, hadithi ya umaskini wa kijijini iliyosimuliwa kwa Kiingereza chenye mdundo wa Kijaluo, na Rais Uhuru Kenyatta alicheka hadi akaahidi kumlipia masomo ya chuo. Hapa Kisumu tulikuwa na sababu ya ziada ya kutabasamu. Otonglo ni soko letu, unalipita ukielekea Kisian na Busia.

Ukitazama tena masimulizi yale utaona kwamba lafudhi imo, tena kwa wingi, lakini kinachoyabeba ni baba maskini mwenye mantiki yake isiyoshindika. Ni Ojwang' mpya, na safari hii aliletwa na mtoto wa shule.

Baada ya drama ya shule, kijana anaweza kwenda Chuo Kikuu cha Maseno au cha Kenyatta kusomea sanaa za maonyesho. Kenyatta ndiko walikotoka Redykyulass, vijana watatu, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliothubutu kumwigiza Rais Moi kwenye runinga akiwa bado madarakani. Leo ni vigumu kumweleza kijana wa miaka ishirini lile lilimaanisha nini. Redykyulass walijiandikia. Mwaka 2009 Gado, mchoraji katuni mzaliwa wa Tanzania, alileta The XYZ Show, vikaragosi vya mpira vilivyowavaa wanasiasa kwa mfano wa Les Guignols wa Ufaransa, na hapo mwandishi akaanza kupewa nafasi yake: kipindi cha kila wiki kinachofuata habari hakiwezi kuendeshwa bila chumba cha waandishi wanaosoma magazeti asubuhi na kugombana mchana.

Anayetaka kuona maisha ya kazi hii kwa ukamilifu amtazame Abel Mutua. Alianza mbele ya kamera, akiwa Freddie wa kipindi cha Tahidi High, akaingia nyuma ya kalamu, akaanzisha kampuni ya Phil-It pamoja na Phil Karanja, wakatoa vichekesho kama Sue na Jonnie. Na baada ya kuwaandikia wengine miaka yote hiyo, umaarufu wake mkubwa leo umetoka wapi? Amekaa kitini, YouTube, anasimulia hadithi kwa mdomo wake mwenyewe. Nampongeza, na pia naona ujumbe. Kwa Kenya, mwandishi wa vichekesho akitaka ajulikane na apate kula vizuri, njia ya uhakika ni kuonyesha sura.

Davis Mwabili alilijua hilo mapema. Inspekta Mwala ni mtoto wake na uso wake, tangu redioni hadi runingani. Bukeko vilevile. Kennedy Odhiambo, Crazy Kennar, aliyeanza video zake fupi akiwa mwanafunzi JKUAT, ni wa kizazi kingine lakini mkondo ni uleule: anayebuni ndiye anayeonekana. Anayebuni bila kuonekana hulipwa mara moja, kisha kwaheri.

Hili la kulipwa mara moja si tabia ya stesheni tu, limo katika sheria. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inasema kwamba kazi iliyoagizwa kwa mkataba, au iliyofanywa na mwajiriwa kazini, hakimiliki yake inahamia kwa mwagizaji, isipokuwa mmekubaliana vingine. Maneno muhimu ni hayo ya mwisho, na ndiyo ambayo kijana aliyepanda basi la usiku kutoka Kisumu hayasomi, kwa sababu amefurahi mno kuitwa. Anatia sahihi. Kipindi kikirudiwa mara ishirini, kikiuzwa nje, kikikatwa vipande na kuwekwa mtandaoni, yeye hana lake. Mashirika ya mirabaha yaliyozoeleka nchini yaliundwa kwa ajili ya wanamuziki na watumbuizaji. Kuna jambo jingine linalowauma wengi: sheria hailindi wazo. Inalinda maneno uliyoyaandika. Ukimweleza mtayarishaji kwa mdomo, mkinywa chai, kuhusu mlinzi anayejificha ndani ya suti, umempa zawadi. Andika kurasa kwanza, zisajili kwenye Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, ndipo unywe chai.

Wamarekani walilipigania jambo hili hadharani mwaka 2023. Chama cha waandishi, WGA, kiligoma tangu Mei 2 hadi Septemba 27, siku 148, na miongoni mwa walichodai ni malipo ya marudio kwenye mitandao ya filamu na idadi ya chini ya waandishi katika kila chumba. Vipindi vya usiku vya vichekesho ndivyo vilivyozimika kwanza, maana bila waandishi mtangazaji hana la kusema. Hapa kwetu mgomo wa waandishi wa vichekesho ungechukua muda gani kabla ya mtu kugundua? Nauliza kwa huzuni kidogo, na kwa kicheko kidogo pia.

Stesheni nazo zina lao. Kanuni za utangazaji zinazitaka zifikishe vipindi vya nyumbani asilimia 40, lakini mazungumzo ya studio yenye makochi mawili ni ya nyumbani pia, na gharama yake ni makochi mawili. Tangu tuhamie dijitali mwaka 2015 idhaa zimekuwa nyingi na keki ya matangazo imebaki ileile. Kichekesho chenye skripti kinahitaji seti, waigizaji, taa, mhariri na mtu wa kuandika. Mtu wa kuandika ndiye wa kwanza kukatwa.

Lakini turudi mezani, kwa sababu malalamiko peke yake hayaandiki ukurasa. Hebu nionyeshe ninachomaanisha ninaposema huku kuna zaidi ya lafudhi. Mfano ni wa kubuni.

Mwanamume wa makamo anataka kuwania kiti cha MCA, mjumbe wa bunge la kaunti. Kama wote wanaotaka kiti hicho, Jumamosi zake zote ni mazishi. Leo amepanda matatu kuelekea Bondo, ameona hema na bango, ameshuka. Bango limekunjwa na upepo, hakulisoma. Ni mazishi ya mtu asiyemjua kabisa. Tayari ameshapewa kipaza sauti.

Rasimu ya kwanza, ile ya uvivu, ingemfanya aseme "samahani" kwa "s" mara sita na kumalizia kwa kudondoka kwenye kiti cha plastiki. Tuitupe. Tujiulize anachotaka: anataka kuitwa mheshimiwa. Hakuna anayemwita hivyo. Mfawidhi wa mazishi amemtambulisha kama "huyu baba aliyesimama". Basi ili athibitishe kwamba alikuwa karibu na marehemu, anatunga ukarimu. Anasema: "Mzee huyu alikuwa na moyo. Nilipokwama, nani alinipa elfu thelathini mkononi, bila hata kuandikiana? Ni yeye. Na hadi leo, ndugu zangu, sijamrudishia."

Anatulia apokee makofi. Kimya. Asichojua ni kwamba marehemu alikuwa mkopeshaji, na nusu ya waombolezaji wako pale kuhakikisha amekufa kweli.

Mjane anafanya nini? Rasimu ya pili ilimpa hotuba: mume wangu aliwakopesha wengi, daftari lake ninalo, nitawasoma wote leo mbele ya mwili. Inachekesha kiasi, ila imeeleza kila kitu, na mtazamaji akielezwa hacheki, anaitikia tu kwa kichwa. Rasimu ya tatu inamnyang'anya hotuba yote. Anafungua mkoba. Anatoa daftari. Anailowesha ncha ya penseli kwa ulimi. Anauliza kwa upole, kwa adabu zote za mfiwa:

"Umesema elfu ngapi, mheshimiwa?"

Neno ambalo mgombea alilitafuta wiki zote limekuja, limetoka kwa mtu asiyefaa, kwa sababu isiyofaa, na limekaa mwisho wa sentensi pale mwana pakruok angeliweka. Baada ya hapo wasemaji watano waliokuwa wamejipanga kusifu ukarimu wa marehemu wanakumbuka ghafla kwamba wana safari ndefu. Mhubiri anabaki na ratiba tupu. Hapo umepata dakika nne nyingine bila kumdhihaki Mjaluo yeyote kwa jinsi anavyotamka.

Utaona kwamba tukio hilo haliwezi kuandikwa na mtu asiyejua mazishi ya huku: kwamba siasa hufanyikia hapo, kwamba kipaza sauti ni mali, kwamba mjane aliyeketi kimya ndiye anayehesabu nani amekuja na nini. Asenath Bole Odaga, aliyeandika na kuchapisha hadithi za Kijaluo akiwa hapahapa Kisumu kupitia Lake Publishers, alijua kwamba sungura wa ngano, Apwoyo, hachekeshi kwa kuwa ni mdogo. Anachekesha kwa kuwa amewasoma wakubwa kuliko wao wanavyojisoma.

Siku hizi kijana hahitaji basi la usiku ili aanze. Simu moja, marafiki watatu, na jioni ufuoni Dunga kabla mwanga haujaondoka: video zinapigwa, kwa Dholuo, kwa Kiswahili, kwa Sheng, zote katika sentensi moja. Nyingi ni za lafudhi na kofi la uso. Baadhi ni kali kweli. Zinachofundisha ni kasi, kwa kuwa mtazamaji wa simu ana kidole juu ya kioo. Zisichofundisha ni pumzi ya dakika 23, namna ya kumfanya mtu amtake mhusika wiki ijayo. Kwa hiyo tuna wakimbiaji wengi wa mita mia na nafasi tupu katika mbio ndefu. Mtayarishaji mwenye akili angekuja huku kuwatafuta, badala ya kuja kupiga picha za machweo na samaki wa kukaanga kisha kurudi na ndege ya saa mbili usiku.

Akija, kuna injini iko majini inamsubiri. Magugumaji yalivamia Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Yameletewa mashine, yameletewa wadudu wa kuyala, yameletewa miradi yenye majina marefu, na bado upepo ukigeuka usiku ghuba ya Kisumu huamka ikiwa kijani kitupu, au huamka ikiwa wazi na mzigo wote umehamia kwa jirani. Mhusika wetu ni mwenyekiti wa BMU, kamati ya ufuo. Ameahidi wafadhili kuyamaliza. Kwa sababu ya ahadi hiyo ana ofisi, karani, boti, muhuri na posho za semina. Anachojua yeye peke yake ni kwamba siku magugu yatakapokwisha, ofisi nayo imekwisha. Kila wiki anatokea mtu mwenye dawa halisi, fundi, mtafiti, mama anayefuma vikapu kwa magugu hayohayo na kuyamaliza haraka kuliko mradi, na kila wiki mwenyekiti anatafuta namna ya kumpongeza sana bila kumruhusu aanze.

Sehemu ya 13: asubuhi, maji meupe hadi upeo wa macho. Upepo umeyachukua yote. Tukio la mwisho ni kamati nzima ndani ya boti, wamebeba meza ya ofisi, viti, bango la mradi, wanapiga makasia kuyafuata.

KARANI: Mwenyekiti, lakini kule wana mwenyekiti wao.

MWENYEKITI: Ndiyo maana nikasema muhuri usisahaulike.